Tangi Tulilomwekea Mama

Mama alipokuja kututembelea mara ya kwanza katika nyumba yetu ya Eldoret, alikaa siku mbili bila kunywa maji. Alikunywa chai asubuhi, mchana akanywa mursik, maziwa ya mgando aliyotuletea mwenyewe, na jioni akasema ameshiba. Kuoga alioga kwa kikombe kimoja. Mimi sikuona kitu. Aliyeona ni mke wangu, na aliponiambia nilibisha, kwa sababu mimi hubisha kwanza ndipo nikafikiri. Nikaenda kumwuliza Mama mwenyewe, akacheka tu na kuniuliza habari za shule. Kumbe alikuwa amemwona yule mtu wa mkokoteni akituletea mitungi, akaona tulivyoipanga jikoni na mke wangu alivyopima ya vyombo na ya kupikia. Akaamua asituongezee mdomo.

Maji ya mfereji kwetu huja siku mbili kwa wiki, yakipenda. Siku nyingine tunanunua. Tulikuwa tumezoea hivyo hata hatukuona aibu, mpaka siku ile nilipomsindikiza Mama stendi akiwa na kiu ya siku mbili, naye ananishukuru kwa makaribisho mazuri.

Mama alikuwa akiishi peke yake upande wa Ziwa, mji mdogo usio mbali na Eldoret, kwenye shamba la marehemu baba. Mimi ni kitindamimba, na kwetu kitindamimba ndiye hubaki na mama. Lakini mimi nilikuja mjini kufundisha, nikamwachia ng'ombe wawili, mteremko na mto. Mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata aliteleza akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Alikaa pale kwenye mteremko hadi jirani mmoja alipopita na mbuzi zake. Nilipofika hospitali nilimkuta na plasta hadi kwenye kiwiko, na jambo lililomsumbua ni mtungi. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyeuokota.

Nilimwambia kwa lugha yetu kwamba sasa basi, anahamia kwangu. "Nitakuja siku utakayokuwa na maji yako uani," akasema. "Sitakwenda kuishi mahali pa kuomba maji ya kunywa." Alisema kwa upole, na Mama akisema neno kwa upole hakuna wa kuligeuza. Hata baba hakuweza.

Ndiyo maana tukajenga tangi. Kila aliyeniuliza nilimpa sababu nyingine, kwamba bati letu ni pana, kwamba mvua ya Uasin Gishu inamwagika bure mtaroni, kwamba mtu mwenye akili hawezi kununua maji na mvua inamnyeshea kichwani. Yote yalikuwa kweli. Lakini nilichotaka ni Mama asirudi tena kwenye ule mteremko.

Kuchagua kulituchukua wiki tatu na ugomvi mmoja mzuri. Mke wangu alitaka tangi la mawe na simiti, kama la shule aliyosomea. Mimi nilitaka la plastiki, kwa kuwa lingekuwa tayari mapema na Mama hakuwa na mwaka wa kungoja. Kulisimamisha juu ya ardhi hatukuweza, kiwanja chetu ni futi hamsini kwa mia na nyumba imekula karibu chote. Pale palipobaki mke wangu alikuwa na sukuma wiki zake, na alinijulisha kwamba yeyote atakayezigusa atakula ugali kwa chumvi. Tukakubaliana tangi liingie chini ya ardhi na sukuma zirudi juu yake. Lilikuwa la lita elfu kumi, la aina inayotengenezwa kwa kuzikwa, lenye mbavu nene na mdomo mmoja juu ambao mtu anaweza kupita. Siku lilipoletwa, limelala juu ya lori, watoto waliuliza kama ni nyumba ya Kogo, yaani bibi yao.

Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Kakamega, asiyependa maneno mengi. Alikuja na wachimbaji wawili, wakaanza kushuka. Nilikuwa nikirudi kutoka shule kila jioni na kwenda moja kwa moja shimoni, hata kabla ya kuweka begi. Juu kulikuwa na udongo mwekundu tunaoujua sote, ule unaokataa kutoka kwenye viatu. Chini yake ikaja murram, changarawe ngumu, sururu zikaanza kulia. Chini ya murram wakakuta udongo wa kijivu, laini, unaong'aa panapokatwa na jembe. Nilisimama ukingoni nikaona kuta zile za rangi tatu na nikanyamaza, mimi ambaye huwa sinyamazi. Miaka sita nilikuwa nimekanyaga pale nikienda kuanika nguo, na sikuwahi kujiuliza kuna nini chini.

Fundi alifinya ule udongo wa kijivu mkononi, akanionyesha. "Mwalimu, hii haimezi maji," akasema. "Ikiingia hapa, imeingia, haitoki tena."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Walipoliteremsha tangi kwa kamba, mimi na jirani mmoja tukiwasaidia, fundi alikataa kulifukia kabla ya kutiwa maji. Aliagiza lori la maji, akajaza kidogo, wakafukia kidogo, wakajaza tena, wakafukia tena, maji ya ndani na udongo wa nje vikipanda pamoja mpaka juu. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Alipomaliza aliosha mikono, akasema neno moja tu kuhusu matunzo. "Hii tangi isikae bila maji. Mkitumia, mtumie, lakini isikae tupu." Akaenda zake.

Sasa nisimulie ujinga wangu, na niusimulie wote.

Nyumbani kwetu kitu kipya huonjwa kwanza na mkubwa wa boma. Mahindi mabichi ya kwanza yalipoiva, baba ndiye aliyeuma hindi la kwanza, sisi tukimtazama taya. Maziwa ya ng'ombe aliyezaa, asali ikirinwa, yote baba kwanza. Halafu sisi watoto. Mama alikuwa mwisho, na wakati mwingine mwisho haukufikiwa. Baba alipofariki, desturi ile ilififia, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwekea Mama nafasi ile, na yeye hangeiomba. Basi nilikuwa nimeapa moyoni kwamba maji ya kwanza ya tangi hili yatakuwa yake. Si mtoto, si mke wangu, si mimi. Na yawe ya mvua, yaliyotoka kwenye bati letu, kwa sababu alikwisha sema niwe na maji yangu uani. Na tangi letu jipya lilikuwa limejaa nini? Maji ya lori.

Kwa hiyo niliyatoa. Nilileta pampu na kuyamwaga yote mtaroni. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi alisema isikae tupu," akasema.

"Alisema matunzo. Mimi naitunza."

"Baba watoto, hiyo maji si uchafu."

"Ni ya kununua!" nikasema kwa sauti, na yeye akarudi jikoni, kwa maana amenizoea.

Niliingia ndani ya tangi kwa ngazi, nikalisugua kwa brashi na kulikausha kwa matambara. Mwanga ulishuka kutoka mdomoni tu, duara moja jeupe miguuni mwangu, na kwingine kote giza lenye harufu ya mpira mpya. Nikakohoa, na kikohozi kikarudi kutoka kila upande kikiwa kikubwa kuliko mimi. Sijui ni nini kilinishika. Nikasema, "Mama." Ile sauti ikazunguka, ikapanda, ikanishukia tena kama vile watu wengi walikuwa wakimwita pamoja nami. Nilikaa mle nikiwa nimeshika brashi, na nilijua kwamba nimejenga kitu kikubwa kuliko nilivyofikiri. Hilo lilikuwa kweli kwa namna ambayo sikuijua bado.

Mama alisema atakuja baada ya kupanda. Mkono ulikuwa na plasta, hapandi, lakini nani atasimamia mbegu? Mvua ikafika mwishoni mwa mwezi wa tatu kama kawaida yake, mchana, kwa kelele na mawe. Nami, ili maji ya kwanza yasimtangulie Mama, nilichomoa paipu ya gata, ile inayoteremsha maji ya bati, kutoka kwenye tangi nikaielekeza pembeni, ardhini. Pembeni penyewe ni hatua moja kutoka kwa tangi, juu ya ule udongo uliofukiwa juzi. Kila alasiri kwa wiki tatu bati letu lote lilimwaga maji pale. Nilikuwa nikisimama dirishani na kikombe cha chai nikiyaona yakizama bila kuacha dimbwi, na nikimwambia mke wangu, "Unaona udongo wetu unavyokunywa?"

Jumapili moja tulitoka kanisani. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha na kukoma alfajiri, jua likawa kali. Mtoto wetu wa kwanza alitangulia kufungua geti, akarudi akikimbia bila kusema kitu. Tukaingia.

Tangi lilikuwa limetoka ardhini. Lilisimama katikati ya ua, limeinuka hadi kifuani mwangu, likiwa limeinama kidogo upande mmoja, na mgongoni limebeba udongo wake mwekundu na safu nzima ya sukuma wiki, zimesimama wima, majani yakimeta. Mfuniko ulikuwa bado umefungwa. Paipu yake fupi ya kupokelea maji ilikuwa imekatika kama kijiti. Kuzunguka tangi, pale palipokuwa na ardhi, palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia kabisa.

Nimeona mambo katika maisha yangu. Nimeona radi ikipasua mkaratusi kutoka juu hadi chini. Lakini sijawahi kuogopa kitu kilichotulia namna ile. Hakuna mtu aliyegusa. Hakuna mashine. Kitu tulichokizika kwa kamba na wanaume watano, ndani ya shimo la rangi tatu, kilikuwa kimenyanyuliwa polepole na kwa uangalifu hata sukuma moja haikuanguka. Mke wangu alisema, "Mungu wangu," na hakuwa akilalamika. Alikuwa akisali. Tulisimama na nguo za kanisani, Biblia mikononi, na kwa dakika kadhaa sote tulisahau kwamba ni hasara.

Kisha nikamkumbuka Mama, na hofu nyingine ikanishika. Alikuwa aje baada ya wiki moja. Angeona maji hayapo uani, au mabaya zaidi, angeona ardhi yangu imekataa kuyapokea, na angerudi Ziwa kwa gari la kwanza. Hapo hasira ikaja kunisaidia, kama inavyofanya siku zote. Nikampigia fundi simu nikamtukana. Nikamwambia amenizikia takataka, amenivunjia nyumba, hajui kazi. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nakuja, Mwalimu," akasema.

Alikuja saa hiyohiyo, na yeye bado na koti la kanisani. Alizunguka tangi mara moja. Akagonga ubavu wake kwa ngumi, likalia kama ngoma. Akanigeukia bila hasira yoyote.

"Mwalimu, ile maji niliweka iko wapi?"

Nikatazama mtaroni. Mke wangu hakunishtaki, na nitamshukuru kwa hilo mpaka nife. Fundi alitazama gata, akaifuata paipu kwa macho hadi ilipomwagia, akatikisa kichwa.

"Chukua mtungi tupu, funga kifuniko, usukume ndani ya karai ya maji. Unaweza kuushika chini?" akauliza. "Hii ni mtungi. Ungeacha maji ndani, ingekaa hapo mpaka watoto wako wazeeke."

Nilimwomba msamaha mbele ya mke wangu na watoto wangu. Si jambo ninalolifanya mara nyingi, na sikulifanya vizuri. Alisema ni sawa. Saa moja baadaye, fundi akiwa bado anapima shimo, nikaona gari la jirani yetu wa Ziwa likisimama getini, na Mama akishuka na kapu lake, mkono mmoja kwenye kitambaa. Mke wangu alikuwa amempigia simu nilipokuwa nikitukana. Aliniambia baadaye kwamba Mama aliambiwa tu kwamba tangi limetoka ardhini, naye akasema neno moja, kwamba anakuja kuona.

Mama aliweka kapu chini. Hakusalimia mtu. Alilisogelea lile tangi mpaka ukingo wa maji, akanyoosha mkono wake mzima akauweka juu ya plastiki, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

"Imeinuliwa na maji?" akaniuliza kwa lugha yetu. "Maji peke yake?"

"Maji peke yake, Mama."

Alitazama sukuma wiki juu, akatazama maji chini. "Miaka yote nimeyabeba," akasema, "na kumbe nayo yanaweza kubeba." Machoni mwake kulikuwa na mshangao wa mtoto, na nikaona aibu kwa kuwa nilikuwa nimeogopa uso huo. Halafu akanigeukia. "Kwa nini lilikuwa tupu?"

Ningeweza kumdanganya. Fundi alikuwa pale, lawama ingemtosha. Lakini nilikuwa nimechoka na mimi mwenyewe. "Nilikuwekea wewe," nikasema. "Sikutaka mtu atangulie kuyanywa. Ulikuwa uyanywe wewe kwanza, kama baba."

Mama alivuta kitambaa cha kichwani akafuta uso, mara moja, akaenda jikoni kwa mke wangu. Nikawasikia wakiongea kwa sauti ya chini na sikuthubutu kuingia. Kurudi Ziwa hakukuzungumziwa siku ile, wala kubaki hakukuzungumziwa. Kapu lake lilikaa karibu na mlango, halijafunguliwa, na nililitazama kila nilipopita.

Kazi ilianza upya. Tulivuta maji shimoni kwa pampu, tukalitoa tangi, nalo halikuwa na hata ufa. Fundi alimwaga sakafu ya konkriti kule chini juu ya udongo wa kijivu, akachimbia vyuma, na simiti iliposhika akalifunga tangi kwa mikanda kama mtu anayefunga mzigo kwenye boda. Mama aliletewa kiti ukingoni na hakuondoka. Alimwuliza fundi kila kitu, naye fundi, yule asiyependa maneno, alimjibu kila kitu, "Ndiyo, Mama," "Hapana, Mama," huku akichekacheka. Ilipofika wakati wa kufukia, fundi alitaka kuagiza lori. Mama akatazama mawingu upande wa Sugoi.

"Ngoja saa nane," akamwambia kwa Kiswahili chake. "Hii inakuja."

Ikaja. Niliichomeka paipu ya gata kwa mikono yangu mwenyewe. Mvua ilipiga bati hata hatukusikiana, na ndani ya tangi maji yakaanza kuanguka kwa mlio mzito, mlio ambao uliendelea kupungua kadiri yalivyojaa. Fundi na wenzake walifukia wakinyeshewa, udongo na maji vikipanda pamoja. Siku hiyo hatukumaliza, wala ya pili. Siku ya nne tangi lilijaa mpaka shingoni, na ardhi juu yake ikawa tambarare. Mke wangu alirudisha sukuma zake moja moja.

Asubuhi yake nilifungua mfuniko. Anga lote lilikuwa mle chini, dogo na la duara, na kichwa changu katikati. Niliteremsha ndoo kwa kamba nikachota, nikajaza kile kikombe cha bati ambacho baba alikuwa akinywea. Fundi alikuwepo, nilimwita makusudi. Watoto walisimama kwa mstari kama paredi.

Nilimpa Mama kwa mikono miwili. Alikipokea, na kabla hakijafika kifuani mkono wake ukageuka wenyewe, ukakipeleka kwa mtoto mdogo. Hakufikiri. Mkono ulikuwa umefanya hivyo maisha yake yote. Mke wangu akaushika taratibu, akaurudisha.

"Wewe kwanza, Mama."

Alitutazama sote mmoja mmoja, kama anayetafuta nani mwenye kiu zaidi. Kisha akanywa. Alikunywa bila kupumzika, koo lake likipanda na kushuka, matone yakimwagikia kwenye kitambaa cha mkono, mpaka akakiinua kile kikombe juu kabisa kupata la mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili, na sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akimaliza kikombe cha maji.

Alikishusha. Akachungulia ndani ya tangi, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, karibu ya kuona haya, kama kuna mengine.

"Yapo, Mama," nikasema. "Limejaa."

Akaninyooshea kikombe. "Basi niongeze," akasema.